Gemu Hii Inaisha Lini

Uvumilivu uliniishia asubuhi ya siku ya mnada, nikiwa na mtoto mgongoni na funguo mkononi. Nilifika kibandani nikakuta kufuli limeshafunguliwa. Ndani, bosi wangu Sospeter alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, pedi ya kuchezea gemu mkononi, ulimi umemtoka kidogo pembeni ya mdomo kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. TV ilikuwa inawaka bila sauti. Nikasimama nyuma yake. Kwenye kioo zilionekana zile nafasi tatu za kuhifadhia mchezo, na kishale kilikuwa kwenye nafasi ya kati, ya Ngasa na Shija, vijana wawili wa wafugaji waliobakiza mlango mmoja tu wamalize. Akabonyeza. Mashine ikamuuliza kama ana uhakika, akabonyeza tena. Nafasi ikawa tupu.

"Bosi, unafanya nini?"

Hakushtuka hata kidogo. "Nafagia."

"Kwa hiyo betri ya kaseti siyo mbovu kama ulivyoniambia."

"Betri ni nzima kuliko wewe, Mama Neema. Hebu washa jenereta, leo mnada, watu watakuwa wengi."

Sikuwasha. Kwa nini sikuwasha ndiyo sababu ya haya maandishi, Zawadi na Eliza, maana nyie ndio mnaokaa sasa kwenye kile kiti changu chenye mguu uliofungwa waya. Watu wakistaafu huagwa, hupewa saa ya ukutani na mtu mmoja husoma hotuba ndefu. Mimi nimestaafu bado nanyonyesha, na aliyeniaga ni bosi kwa kunifungia mlango. Lakini kazi niliifanya, tena niliifanya vizuri, na mambo niliyojifunza sitaki yaozee kichwani mwangu.

Nilianza katikati ya miaka hii ya tisini, nikiwa nimemaliza kidato cha nne na cheti ambacho hakuna ofisi iliyokiulizia. Kibanda kilikuwa palepale kilipo, nyuma ya soko la Kashaulili, mabati juu, mabati pembeni, kukiwa na jua mnaiva, kukiwa na mvua hamsikii mlio wa gemu. Mlikuwa na TV mbili, mashine mbili, pedi nne ambazo mbili panya walishazionja waya. Umeme wa mji ulikuwa wa zamu, leo kwenu kesho kwa wenzenu, kwa hiyo jenereta ndiyo ilikuwa mwajiri wetu halisi.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Sada. Kabla ya hapo alikuwa anakaa mlangoni kwenye banda la kuonyesha video, kwa hiyo vijana wakorofi wa mji mzima alikuwa anawajua kwa majina ya mama zao. Siku ya kwanza alinionyesha kusafisha kaseti za gemu. Mteja akiona picha imekwama anachomoa kaseti anaipuliza kwa mdomo, fuu, anairudisha, inawaka, anajiona fundi. Mama Sada akasema, "Mwanangu, hayo ni mate. Leo inawaka, mwezi ujao ina kutu. Chukua kitambaa, spiriti kidogo, futa polepole, upande mmoja." Akanionyesha pia kuisoma jenereta kwa kuangalia picha: petroli ikikaribia kuisha, picha inaanza kusinyaa pembeni, inapumua. Hapo unapaza sauti kwamba anayetaka kuhifadhi ahifadhi. Usingoje izime, utapigwa na mguu wa benchi.

Lakini somo lake kubwa lilihusu urefu. Tulikuwa tunauza zamu kwa saa, na saa ilikuwa juu ya TV. Siku hiyo ya kwanza, mshale ulipofika, mimi kwa uaminifu wangu wa kishule nikanyoosha mkono nikazima. Yule kijana alikuwa katikati ya gemu ya ndege za vita, amebakiwa na ndege moja, anahangaika nayo kama roho yake. Aliniangalia kwa macho ambayo sijawahi kuangaliwa tena hivyo na mtu nisiyemdai.

Mama Sada akamrudishia zamu nzima, kisha akanivuta nje.

"Mtu hazimwi akiwa hai," akasema.

"Muda wake umeisha, mama."

"Umeisha kwenye saa. Kwake haujaisha. Mwite anayefuata, mwambie akae karibu. Mwenye pedi atakufa mwenyewe sasa hivi, akishaona kuna mtu anamhemea shingoni. Akifa atakupa pedi na shukrani juu. Ukimzima atakupa pedi na matusi, na gemu haijakwisha kichwani mwake, anakwenda nayo nyumbani, anamjibu mama yake vibaya."

Hiyo ikawa ndiyo desturi ya kibanda chetu: asizimwe mtu akiwa hai. Haikutupunguzia kitu. Watu walikufa haraka sana.

Kwa kukaa pale ndipo nilipoanza kufikiri jambo ambalo shuleni hawakunifundisha, yaani mchezo unatakiwa uwe mrefu kiasi gani. Msicheke. Nyie mtaulizwa hilo kila siku, na mzazi, na mwalimu, na mteja mwenyewe. Gemu ya mpira ni rahisi, refa anapuliza, aliyefungwa kafungwa, wote mnajua saa ya kuondoka. Ile ya ndege za vita haina mwisho. Ukishinda inaongeza kasi, ukishinda tena inaongeza tena, mpaka ushindwe. Niliwaona vijana waliocheza vizuri kuliko wote wakiondoka na sura ya kushindwa kila siku, kwa sababu aliyeitengeneza hakuweka mahali pa kushinda. Mimi kama mzazi hiyo siipendi. Mtoto akinyonya akashiba anaachia titi mwenyewe, humwondoi. Sasa kitu kisichokuwa na kushiba, huyo mteja ataachia lini?

Nilimwambia bosi hayo. Akaniambia nimesoma sana.

Halafu akashuka kwenye treni na ile kaseti ya kijivu.

Sisi tuliiita Mapango. Jina lake halisi hatukulijua, maandishi yake yalikuwa kama njiti za kiberiti zilizomwagika, hata anayejua Kiingereza hakuambulia kitu. Kuna mtu mdogo mwenye taa anashuka chini ya ardhi, chumba baada ya chumba, anatafuta. Anatafuta nini, hilo hatukujua, maana maelezo yaliandikwa kwa njiti. Kwa hiyo kila mtu alijaza mwenyewe. Shabani, mfanyabiashara wa dagaa kutoka Ikola, aliyekuja na mzigo na kulala mjini kabla ya kurudi ziwani, alishikilia kwamba yule mtu anatafuta maji yanakotoka. Wanafunzi walisema dhahabu. Ngasa na binamu yake Shija, ambao baba zao walihamia Misunkumilo na ng'ombe kutoka Usukumani, hawakuwa na shaka hata kidogo.

"Kaibiwa ng'ombe huyo," Ngasa alisema siku ya kwanza tu. "Ona anavyoinama. Anafuata nyayo."

"Mbona hakuna nyayo?" Shabani akamuuliza.

"Kwa mvuvi zitaonekanaje?"

Gemu ile ilikuwa ndefu, lakini kaseti ilikuwa na betri ndani na nafasi tatu za kuhifadhi. Unacheza zamu yako, unahifadhi, ukirudi unaendelea ulipoachia. Nafasi tatu, mji mzima. Hapo ndipo watu wa Mpanda walipofanya jambo ambalo nina hakika huko ilikotengenezwa hawakulifikiria: nafasi zikawa viwanja. Ya juu ilikuwa ya Shabani, ya kati ya Ngasa na Shija, ya chini ya wanafunzi, ambao walikuwa wengi na kila mmoja alijiita mwenyekiti. Kiwanja kilikuwa na mpaka. Shabani akiwa Ikola hakuna anayegusa chake. Kijana mmoja alipoacha shule akaenda machimbo, alimrithisha mdogo wake sehemu yake mbele yangu, nikiwa shahidi, wakapeana mikono. Ugomvi ulikuwepo, lakini wa viwanja halisi huko mjini ulikuwa mbaya zaidi.

Nilichokipenda ni Ngasa na Shija. Walikuja siku za mnada tu, wakishapeleka ng'ombe. Ngasa alishika pedi, Shija hakushika kabisa, alikaa nyuma na fimbo yake akikumbuka njia. Vyumba vya Mapango vinafanana, hapo ndipo wengi walipopotea. Shija alivipa majina ya ng'ombe wa baba yake, kila kimoja kwa rangi na mabaka yake. "Huyu ni yule mwekundu mwenye paji jeupe, pinda kulia. Huyu mweusi wa tumbo jeupe, usiingie, ana pembe." Sikumsikia akikosea. Aliniambia, "Dada, mia ya ng'ombe naijua kwa sura, vyumba arobaini vitanishinda?"

Sasa sitaki mfikiri naitetea Mapango kwa kila kitu. Wanafunzi waliiharibu, au iliwaharibu. Kiwanja chao kilikuwa cha wote, kwa hiyo asiyekuja leo anakuta wenzake wamesonga mbele bila yeye. Wakaanza kuja asubuhi na sare. Mwalimu wao mmoja akaja, hakupiga kelele, alikaa kwenye benchi akatazama vyumba viwili vitatu, kisha akaniuliza, "Mama, gemu hii inaisha lini?"

Nilifanya kazi pale na sikujua. Nikamwambia nitamtafutia. Jioni nikamuuliza bosi.

"Haiishi," akasema.

"Kila kitu kinaisha, bosi."

"Ndiyo maana nimenunua hii."

Nilidhani ni utani. Nikaweka sheria yangu, sare haiingii kabla ya saa za shule kuisha, na mwalimu akanisaidia kuisimamia kwa fimbo yake. Mama Sada alipohamia Tabora kwa binti yake, nikaachiwa kibanda peke yangu na hiyo sheria.

Wa kwanza kufika mlango wa mwisho alikuwa Shabani. Mlango wenyewe ni mkubwa, mwekundu, umejaa kioo kizima, hata asiyesoma njiti alijua kwamba hapa ndipo. Petroli ikawa inaisha, picha ikasinyaa, nikamwambia ahifadhi. Akahifadhi. Akasema akirudi kutoka Ikola ataleta dagaa wa kula watu wote siku hiyo. Aliporudi na furushi lake, kiwanja chake kilikuwa kitupu. Nilimuuliza bosi, akaniambia betri ya kaseti imechoka, mwambie hivyo. Nikamwambia hivyo. Shabani aliniangalia mimi, akaiangalia kaseti, akasema, "Hiyo ina jini," akatuachia dagaa wake akaondoka. Hakurudi tena kucheza. Mimi nikaishika kaseti ile kwa kitambaa wiki nzima, nikiwaza fundi wa kubadilisha betri, wakati huo jini mwenyewe anakuja asubuhi na funguo ya pili.

Kwa hiyo mnielewe ile asubuhi ya mnada. Sikukasirikia gemu. Nilikasirika kwamba mtu mzima aliamka, akanawa uso, akaja kufuta kazi ya wengine, kisha akataka mdomo wangu ndio useme uongo.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

Bosi akaweka pedi chini. Nampa haki yake, alinijibu kama mtu anayeongea na mtu. "Wakimaliza wataenda wapi? Kaa ufikiri. Muuza sabuni anauza sabuni inayoisha. Mimi nauza mwisho, nikishauuza mara moja sina kitu. Wakiujua mlango una nini, kesho mji mzima umeambiwa, nani atalipa kushuka mapangoni?"

"Watacheza mpira."

"Mpira mfupi."

"Ndiyo utamu wake. Watacheza mara nyingi, wataondoka, watarudi kwa hiari. Hawa wa Mapango hawarudi kwa hiari, wanarudi kwa sababu umewashikia kitu chao."

"Wewe ni mama," akasema, "unaona watoto kila mahali. Hawa ni wateja."

Mtoto mgongoni akaanza kulia. Nikamshusha nikamnyonyesha palepale kwenye benchi, bosi akageukia ukuta, na ugomvi ukasimama kwa heshima. Ndipo Ngasa na Shija wakaingia, vumbi la mnada mpaka kwenye nyusi, Ngasa anacheka.

"Shikamoo bosi. Dada, leo ndiyo leo. Leo tunamjua mwizi."

Bosi akanitazama. Alikuwa anasubiri nitamke neno betri.

"Ngasa," nikasema, "kiwanja chenu kimefutwa. Betri haina ubaya. Kafuta huyu hapa, kwa mkono wake, nimemwona."

Ngasa alikwenda kwenye TV akainama, akaangalia ile nafasi ya kati tupu kama mtu anayeangalia zizi. Shija ndiye aliyesema kwanza, taratibu. "Bosi, ungeingia zizini kwetu usingetoka. Una mikono mizito. Mwizi wa kweli haonekani na mama mwenye mtoto."

"Nani mwizi? Kaseti yangu, mashine yangu, petroli yangu. Si mnajua njia? Anzeni upya."

"Tunahama," Ngasa akasema, bila kumgeukia. "Mnada ujao tunauza wa mwisho, kesho yake tunashuka na mifugo bonde la Rukwa. Huko hakuna kitu hiki. Tukianza upya tutaimaliza lini?"

Njia waliijua, hilo kweli. Shija alikuwa nayo yote kichwani, ng'ombe kwa ng'ombe. Lakini kutoka kwenye ngazi ya kwanza mpaka mlango mwekundu iliwachukua msimu mzima wa kiangazi, na sasa walibakiwa na mnada mmoja. Mlango ule waliufikia, na wangeondoka Mpanda bila kujua yule mtu wa taa anatafuta nini. Kuna watu watasema si kitu. Wewe mpe mtu hadithi usiku wa kwanza, wa pili, wa kumi, halafu ukifika pale pa mwisho umfunge mdomo, uone kama si kitu.

Nikamwambia bosi arudishe. Akasema haiwezekani, kilichofutwa kimefutwa. Nikamwambia basi acheze yeye. Akacheka, akaniambia nitoke na mtoto wangu, na funguo niache mezani. Funguo niliziacha. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikanyoosha mpaka ofisi ya kata, Ngasa na Shija nyuma yangu, na mbwa wao.

Katibu wa baraza la kata alikuwa mzee mpole mwenye miwani ya kamba. Alinisikiliza akiwa ameshika kalamu, haiandiki.

"Mama, kilichoibiwa ni nini? Nikione."

"Hakionekani, mzee."

"Sasa baraza litakipimaje?"

"Kwa jasho lao. Mtu akikulimia shamba, ukalifukia kabla hajavuna, unampimiaje?"

"Shamba lina mazao."

"Na hili lina mlango."

Akavua miwani akaifuta. "Huo mlango," akasema, "ndani yake kuna nini?"

"Ng'ombe," Shija akadakia.

"Mmewaona?"

"Hatujawaona, mzee. Ndiyo kesi yenyewe."

Katibu alicheka, kisha akaacha kucheka. Alinisogezea karatasi akasema baraza linakaa kabla ya mnada ujao, niandike vizuri, nisitukane. Niliandika na mtoto akivuta kona ya karatasi. Nimewanakilia hapa kama ilivyopokelewa, ili bosi akiwasimulia yake, nyie muwe na hii; ninapoandika haya baraza bado halijakaa.

*Kwa Katibu, Baraza la Kata.*

*Yah: Malalamiko dhidi ya Bwana Sospeter, mmiliki wa kibanda cha gemu nyuma ya soko.*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mtumishi wa zamani wa kibanda hicho, kuanzia leo asubuhi. Nalalamika kwa niaba yangu na ya vijana Ngasa na Shija wa Misunkumilo, ambao wamesimama hapa na watathibitisha.*

*Mlalamikiwa anauza mchezo wenye mwanzo na mwisho. Wateja wakikaribia mwisho, yeye hufungua kibanda kwa siri na kufuta walipofika, ili waanze tena kulipa. Ameshafanya hivyo kwa mteja mmoja wa Ikola, na leo nimemshuhudia akiwafanyia hawa. Alitaka niwaambie wateja kwamba betri ni mbovu. Betri ni nzima.*

*Sisemi mchezo uwe mfupi wala uwe mrefu. Hilo ni la anayeuza na anayenunua kukubaliana. Nasema urefu wake ujulikane kabla mtu hajalipa, na ukishajulikana usiongezwe kwa kificho. Mchezo usioisha usiuzwe kwa jina la unaoisha.*

*Naomba baraza liamuru yafuatayo. Kwanza, iandikwe mlangoni kwa herufi kubwa, gemu ipi ina mwisho na ipi haina, ili mzazi na mwalimu wajue. Pili, funguo zote mbili zikae kwa mhudumu.*

*Tatu, na hili ndilo la haraka, kwa kuwa walalamikaji wanahama na mifugo baada ya mnada ujao: mlalamikiwa awashe mashine kwa petroli yake, akae kwenye benchi, ashike pedi, acheze Mapango yeye mwenyewe kuanzia ngazi ya kwanza mpaka kwenye mlango mwekundu, ahifadhi katika nafasi ya kati, na awakabidhi hawa vijana asubuhi ya mnada mbele ya katibu. Akipotea njia, Shija yuko tayari kukaa nyuma yake na kumtajia ng'ombe.*

*Wako katika ujenzi wa taifa,*
*Mama Neema.*